Mashine Nyuma ya Jiko la Mama Idrisa

Nilikuwa natoka darasani Idrisa aliponipigia simu. Alisema, “Kemi, mama katutoka,” kisha nikasikia mtu upande wake akimwita aende kuonyesha pa kutandika majamvi. Nilijua mazishi sitayawahi. Waislamu hawalazi maiti bila sababu, na kutoka Dodoma hadi Mwanza ni safari ya siku nzima. Hata hivyo niliomba ruhusa chuoni ninapofundisha, nikapanda basi la kesho yake, na njia nzima nikawa nafikiria jambo moja la kipuuzi: kwamba sijui kama jiko la Mama Idrisa bado liko palepale, lile lililopakana ukuta na karakana, ambalo moshi wake ulipenya kwenye matundu ya tofali ukatukuta sisi tumeinamia waya. Nilipofika Mkuyuni nikaona lipo. Karakana ndiyo haipo tena. Idrisa alishahamia Buhongwa zamani, ana mashine kubwa zilizokuja kwa meli na vijana wa kuziendesha, na pale tulipofanyia kazi pamegawanywa vyumba viwili vya wapangaji. Lakini ukuta ni uleule. Nilipopita uani kwenda kuwaamkia wanawake niliutazama kidogo, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa na stashahada ya umeme, meza ya kutengenezea redio na simu mjini, na chumba Pasiansi nilichochangia na msichana tuliyesoma naye. Siku moja akaja kijana mrefu, kabeba kiroba kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji nene kama glavu ya ndondi. Akamwaga kiroba mezani. Zilikuwa mota, ndogo kwa kubwa, alizozing’oa kwenye printa na mashine mbovu za fotokopi.

“Dada, hizi unaweza kuziendesha?” akaniuliza.

“Ziende wapi?”

“Popote nitakapoziambia.”

Nilicheka, yeye hakucheka. Akavuta stuli akakaa, akanieleza. Alikuwa mchongaji wa milango na vitanda, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake, na msumeno wa umeme ulikuwa umemkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Alipolazwa, jirani wa kitanda alikuwa akimwonyesha video kwenye simu ili kumpotezea maumivu, na katika moja ya video hizo aliona mashine inayochonga mbao yenyewe, ikifuata mchoro uliomo kwenye kompyuta. Toka hapo hakuwaza kingine. Mota za namna ile hazizunguki ovyo kama za feni; zinatembea hatua kwa hatua, na kila hatua inaamriwa na bodi ndogo ambayo mafundi tunaiita dreva. Ukiwa na mota ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, na ya tatu ya kupanda na kushuka, ukafunga kisu kinachozunguka mahali zinapokutana, umepata mkono. Hilo la mkono alilisema yeye, mimi nilikuwa nawaza nyaya tu. Nikamwambia nitajaribu. Nilikuwa sijawahi kuona mashine kama hiyo kwa macho yangu, lakini nilikuwa na umri ambao neno “nitajaribu” linatoka bila kupimwa.

Baada ya wiki chache za kwenda na kurudi ikaonekana nauli na muda wangu vinaishia njiani, na Mama Idrisa alikuwa na chumba kitupu. Ndivyo nilivyohamia Mkuyuni. Chumba changu kilitazama uani, kikiwa na kitanda ambacho Idrisa alikichonga kabla ya ajali, majani na maua yamesongamana kichwani mwa kitanda hata nikawa nalala nikiyapapasa. Mama Idrisa aliitwa Zuhura, lakini sikuwahi kulitumia jina hilo. Alikuwa mwanamke wa mjini hasa, mnene wa kiasi, kanga zake hazikosi pasi, na alinikaribisha kwa heshima yote inayotakiwa na kwa ubaridi ambao sikuuelewa. “Shikamoo, mama.” “Marahaba.” Basi, hakuna zaidi. Chakula chake ndicho kilichosema kuliko yeye. Aliposikia mimi ni Mhaya alinunua ndizi, akazipika kwa nazi na iliki namna ambayo bibi yangu asingeitambua, akakaa kunitazama ninavyokula. Nilimaliza sahani. Ijumaa ilikuwa pilau, siku nyingine sangara wa kukaanga au dagaa wenye pilipili nyingi, na chai ya tangawizi kila wakati. Mpaka leo nikipata harufu ya tangawizi na ya risasi ya kuungia waya ikiyeyuka, vyote kwa pamoja, nageuka kutafuta testa yangu.

Ubaridi wake nilikuja kuuelewa kwa kusikiliza. Jiko na karakana vilitenganishwa na ule ukuta wa tofali tu, na mdogo wake, Mama Mwanaidi, alikuja karibu kila siku kumsaidia kuchambua mchele, naye hakuwa mtu wa kunong’ona. Kupitia ukuta huo nilijua kwamba Mama Idrisa hakuwa ameingia karakana tangu siku ya ajali. Siku ile alikuwa jikoni. Alisikia msumeno ukiunguruma, halafu ukabadilika sauti, halafu kimya. Kwa hiyo kila mashine yetu iliposimama ghafla, na mwanzoni ilikuwa ikisimama ghafla mchana kutwa, tulimsikia akiita, “Idrisa!” na Idrisa ilimbidi aache chochote anachofanya ajibu, “Nipo, mama.” Nilikuwa nikiona jinsi mabega yake yanavyoshuka kila akijibu. Kaka wa mama yake, aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alishasema amwendee akauze vitambaa, na mama alitaka aende. Kilichomzuia Idrisa ni kazi moja aliyoipokea kabla ya kuumia: milango ya kanisa la Kilutheri lililokuwa likijengwa Buhongwa, yenye mizabibu kutoka juu hadi chini. Mbao za mvule zilishaletwa, zimeegeshwa ukutani. Mzee wa kanisa, Mzee Ishengoma, hakuwa amezirudia, na Idrisa hakuwa amesema hawezi.

Za kwanza kutusumbua zilikuwa waya. Mota za mitumba haziji na maelezo. Waya nne zinatoka, na usipojua ipi ni jozi ya ipi, mota haizunguki, inatetemeka mahali pamoja kama mtu mwenye homa. Nilizipima moja moja kwa testa, nikazifunga plasta za rangi. Siku ya kwanza mota zote tatu zilipotii, Idrisa aliandika jina lake kwenye kipande cha paini kwa kisu kile, herufi zimepinda, akakaa chini sakafuni kulitazama. Tulidhani tumefika. Wiki ileile waya wa mota moja ulichomoka mashine ikiwa inatembea, na jambo hilo bodi hizo haziwezi kulivumilia. Ulitoka moshi mwembamba na harufu ya plastiki.

“Dreva kaungua,” Idrisa akasema kwa sauti. “Na mwingine hatuna.”

Upande wa pili wa ukuta sufuria ikaanguka. “Inna lillahi,” tukamsikia Mama Mwanaidi, “dreva gani? Wa gari la nani?” Kabla hatujajibu Mama Idrisa alikuwa amefika uani, kanga haijakaa vizuri, amesimama hatua chache kutoka mlango wa karakana asiouingia, anauliza aliyeungua amepelekwa wapi. Nilitoka nimeishika ile bodi kiganjani, si kubwa kuliko kiberiti, nikamwonyesha. Aliitazama, akanitazama mimi, akasema, “Hiki ndicho dreva?” Nikamwambia ndicho. Akarudi jikoni, na baada ya muda tukasikia wanawake wawili wakicheka mpaka wakakohoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Bodi mpya ziliagizwa kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, zikachukua muda kufika, na katika kungoja huko ndipo mimi na Idrisa tulipojuana kweli. Tulichora mizabibu kwenye kompyuta. Nyumba ile hakuna aliyewahi kuuona mzabibu, mimi ndiye niliyekuwa nimeuona kwenye vioo vya kanisa letu nyumbani, kwa hiyo nikawa mwalimu. Mama Idrisa alipita uani, akachungulia karatasi, akasema, “Hizi zabibu mbona kama ngogwe?” Tukazichora upya. Watu wengi wameniuliza baadaye kama mimi na Idrisa tulikuwa na la zaidi. Mama Mwanaidi naye aliuliza, kupitia ukuta: “Dada, huyu Mhaya hatakuchukulia mtoto?” Mama Idrisa akamjibu, “Huyu? Huyu hata sahani haioni akiwa na zile waya.” Hapakuwa na la zaidi, ingawa kulikuwa na alasiri mbili tatu ambazo kama mmoja wetu angesema jambo, mwingine angelijibu. Hatukusema. Sijutii, na sidhani kama yeye anajuta. Mkewe Mariamu ni mtu ninayempenda.

Bodi zilipofika tukaweka ubao wa kwanza wa mvule. Mvule si paini; mota zikalemewa, zikakwama. Kwenye kila bodi kuna skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza umeme unaoingia kwenye mota, nikaikaza, mota zikapata nguvu, kisu kikala mbao kama siagi. Asubuhi nzima ilienda vizuri. Tulipotoka kula tukaiacha ikiendelea, na tuliporudi, nusu ya chini ya mzabibu ilikuwa imesogea kushoto. Si sana, upana wa kidole labda. Lakini shina lilikuwa limekatika kama mfupa uliovunjika ukaungwa vibaya. Mbao ya kanisa ilikuwa imeharibika, na Idrisa akaifunika kwa gunia, hakutaka kuiona.

Hapo kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani fundi friji alisema ni umeme wa mtaa mzima. Mama Mwanaidi alimshuku paka. Mimi nilishuku programu, nikaipakia upya. Nikashuku mkanda, nikaukaza. Nikashuku reli, tukazipaka grisi. Kila asubuhi tulijaribu kwenye paini na kila asubuhi ilichonga bila kosa, na kila tulipothubutu kuweka mvule, kazi isiyokatishwa ambayo ilifika mchana, ikatusaliti. Mzee Ishengoma akaja kuona. Alikuwa Mhaya mwenzangu, mpole, kofia mkononi. Tulimwonyesha vipande vizuri na tukamwonyesha ile mbao. Aliipitishia kidole pale shina lilipokatika. “Mwanangu,” akamwambia Idrisa, “wazee wenzangu wanataka tumpe fundi mwingine. Nitawaambia wasubiri mwezi huu uishe. Zaidi ya hapo sitakuwa na la kuwaambia.”

Kosa lenyewe lilikuwa limejificha mahali pa kijinga. Mama Idrisa alikuwa akijipumzisha baada ya adhuhuri, na kwa kumheshimu tulikuwa hatuwashi mashine alasiri tunapokuwa tunaipima; tuliitazama asubuhi tu, kukiwa na ubaridi wa ziwa. Siku moja akaenda Pasiansi kwenye hitima, nyumba ikabaki tupu, tukaiwasha saa za jua kali na tukakaa kuitazama bila kupepesa. Bati la karakana lilikuwa linalia kwa joto. Tukaona kisu kinaenda, kinaenda, halafu mota ikasita kidogo sana, kama mtu aliyekosea ngazi, kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini sasa kila kitu kikiwa kushoto. Niligusa bodi ya dreva, nikaondoa kidole haraka. Ilikuwa ya moto wa pasi. Bodi hizo zikizidiwa na joto hujizima zenyewe kwa kitambo kidogo ili zisiungue, na kitambo hicho kinatosha kupoteza hatua. Kompyuta haijui, inadhani mota imefika. Sanduku la bodi tulikuwa tumelipigilia juu ukutani, chini ya bati, na mimi ndiye niliyekaza skrubu.

Tulilishusha sanduku, tukalifungia feni ya kompyuta kuukuu, nikapunguza umeme. Mota zikadhoofika tena. Idrisa akasema tusilazimishe. Mvule huliwa kidogo kidogo, hata kwa patasi. Akabadilisha mchoro ili kisu kipite juu juu mara nyingi badala ya mara moja kwa nguvu. Tukajaribu alasiri nzima. Mzabibu ulisogea tena. Kidogo kuliko mwanzo, lakini ulisogea. Idrisa alizima swichi, akakung’uta vumbi la mbao kwenye shati. “Nitampigia mjomba,” akasema, akatoka.

Nilibaki peke yangu nikikusanya vyombo, na wanawake walikuwa wamesharudi jikoni. Alishawaambia, au walimsoma usoni.

“Si ndicho ulichokuwa unataka?” Mama Mwanaidi akauliza. “Aende Dar.”

Kisu cha kitunguu kiligonga ubao muda mrefu kabla Mama Idrisa hajajibu. “Nilitaka atoke kwenye misumeno,” akasema. “Tangu aumie, mwanangu hakucheka humu ndani. Sasa kila asubuhi namsikia ng’ambo ya ukuta, anabishana na huyu msichana, wanachekana. Akienda huko kwenye vitambaa nitamsikia wapi?”

Sikujua nilipaswa kufanya nini na maneno hayo. Niliyasikia bila kuitwa, na sikumwambia Idrisa. Ila asubuhi yake niliamka kabla ya wote, nikamwomba Mama Mwanaidi alipokuja anipe rangi yake ya kucha, nyekundu, akanipa huku akicheka kwamba hatimaye Mhaya ameona haja ya kujipamba. Nilichora mstari unaovuka kutoka kwenye shina la kila mota, chuma kile kinachozunguka, hadi kwenye gurudumu lenye meno lililofungwa juu yake. Nikamgongea Idrisa mlango. “Mara moja ya mwisho,” nikamwambia, “halafu mpigie unayetaka.” Alikuja na uso wa usingizi. Tulipoichosha mashine kwa saa nzima na kuizima, mistari miwili ilikuwa imenyooka. Wa tatu ulikuwa umekatika. Nusu iko kwenye shina, nusu imesogea na gurudumu. Mota ilikuwa ikitembea hatua zake zote kwa uaminifu, gurudumu ndilo lililokuwa likiteleza juu yake. Dreva zilikuwa zimepoa, lakini kulikuwa na kosa la pili nyuma ya la kwanza. Idrisa alichukua tupa, akaibana mota kwa magoti, akalisugua shina upande mmoja mpaka likawa bapa ili skrubu ipate pa kukalia, akishika tupa kwa vidole viwili vilivyobaki na kiganja. Nilitaka kumsaidia nikajizuia.

Tuliweka mvule siku hiyohiyo. Mchana ulikuja, jua likapanda kwenye bati, mzabibu ukashuka umenyooka. Ilikuwa ikiendelea vizuri hivyo nilipohisi mtu nyuma yangu. Mama Idrisa alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kandambili kama anaingia chumba cha watu, akaingia, akaja mpaka kwenye mashine. Alitazama kisu kikitimua unga wa mbao.

“Inasimamishwaje?” akaniuliza.

Nikamwonyesha kitufe chekundu, kikubwa kama kizibo cha dumu, ambacho Idrisa alikitoa kwenye mashine mbovu ya kusaga na alikifunga kabla hata hatujafunga mota. Nikaanza kumweleza kwamba ukikibonyeza kila kitu kinakata papo hapo. Sikumaliza. Alikibonyeza kwa kiganja chote. Mashine ikanyamaza, kisu kikasimama katikati ya zabibu. Idrisa akafungua mdomo. Kuirudisha mahali pake kamili kungetuchukua muda wote uliobaki wa mchana. Mama yake akasubiri, akiusikiliza ule kimya, akatazama mikono ya mwanawe, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, “Haya. Iwasheni.” Akavuta stuli, akakaa, akatuangalia tukihangaika kuipanga upya mpaka alasiri, na chakula siku hiyo kilichelewa kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale. Tangu siku hiyo mashine iliposimama hakuita tena. Wakati mwingine alikuja kuibonyeza tu, kuhakikisha.

Milango ilikwenda Buhongwa kabla kanisa halijafunguliwa, kwenye gari la kukodi, Mama Idrisa amekaa mbele na dereva, mimi na Idrisa nyuma tumeishikilia isigongane. Mzee Ishengoma alimwita mpiga picha. Baada ya hapo kazi zikaja, na mimi nikaitwa chuoni Dodoma kwenye nafasi niliyokuwa nimeiomba zamani nikaisahau. Niliondoka mwaka ukiisha. Tuliendelea kupigiana simu sikukuu, zangu na zao, na kila mara Mama Idrisa alimnyang’anya Idrisa simu aniulize kama huko Dodoma napata samaki.

Basi nikaingia ndani, kwenye chumba walichokaa wanawake wa msiba, nikaamkia, nikatafuta nafasi karibu na mlango wanapokaa wageni. Wengi sikuwafahamu. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu akaniuliza kwa upole, “Na wewe, mwanangu, ni nani wa marehemu?” Nilitafuta neno. Sikuwa mtoto wake wala mkwe wake, dini yetu si moja, kabila si moja, na karakana yenyewe haipo. Nikasema, “Nilikuwa mpangaji wake.” Mama Mwanaidi, ambaye siku hizi haoni vizuri na alikuwa amekaa mbali ukutani na wafiwa, akageuza kichwa aliposikia sauti yangu.

“Huyo ni Kemi,” akawaambia. “Nani kamkalisha hapo na wageni? Kemi, mwanangu, vua hayo mavazi ya safari, nenda jikoni. Mchele haujachambuliwa.”

Nikaomba kanga, nikajifunga, nikaenda.